Chungu Hakisafiri Kitupu

Nimezaliwa majini, nimekomaa motoni, nikifa mifupa yangu haiozi. Mimi ni nani?

Hivyo ndivyo Benta alivyoandika Jumatatu asubuhi chini ya picha ya chungu chake, akaituma mnadani. Mnada wenyewe haukuwa na uwanja wala mpiga kengele. Ulikuwa ndani ya simu, kundi la watu mia tatu na ushei, kutoka Mbita mpaka Isebania. Picha huwekwa Jumatatu, watu wakataja dau, na Jumatano saa kumi jioni msimamizi huandika "Imefungwa." Aliyetaja dau la juu ndiye mwenye mali. Baada ya hapo muuzaji na mnunuzi hubaki na swali moja tu la kumaliza wenyewe: unakuja kuchukua, au unatumiwa?

Hapo kwenye kutumiwa ndipo Benta alipokuwa na mwiba.

Alikaa Rangwe, chini kidogo ya barabara ya Homa Bay, na mikono yake ilikuwa imefinyanga udongo kwa miaka arobaini. Mama yake alifinyanga, na mama wa mama yake. Wafinyanzi wengine wa upande ule walikuwa wamezikwa au wamechoka. Sokoni watu walimjia, wakashika vyungu vyake, wakavisifu sana, kisha wakavuka njia kununua mtungi wa plastiki. Mpaka Mourine, binti mwenye saluni mjini Homa Bay na msimamizi wa ule mnada, alipomwingiza kundini. Loo! Watu walipandishiana dau kwa ajili ya udongo kana kwamba hawajaukanyaga maisha yao yote. Mwaka huo Benta alichimba udongo mara mbili katika mwezi mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu mama yake afe.

Lakini waliovitaka vyungu walikuwa mbali. Cha kwanza kutumwa kilikwenda Ndhiwa kikafika vipande vitatu. Cha pili kilikwenda Isebania, naye mnunuzi akatuma picha ya vigae tu. Kila mara Benta alirudisha pesa ya mtu, akaomba msamaha, akawalaumu watu wa mizigo kimoyomoyo.

Ndipo Mourine akatuma ujumbe wa sauti.

"Dani," alisema, maana wasichana wote walimwita hivyo, Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo. "Mimi nakupenda, lakini watu wameanza kuongea. Kikivunjika cha tatu, itabidi niandike kando ya jina lako, 'wa kuchukua tu.' Si adhabu, Dani. Ni sheria, hata mama yangu mzazi ingemshika."

Wa kuchukua tu! Nani atatoka Migori aje Rangwe kufuata chungu? Na hao wachache wanaokuja kuchukua, Benta aliwajua.

Alhamisi hiyo alikuja mmoja, Cephas, mkulima wa Lambwe, aliyekuwa ameshinda chungu kidogo cha kupikia. Alisema atafika saa tatu. Akafika saa saba kasorobo, ugali unageuzwa. Wanunuzi wa kuchukua ndivyo walivyo, pua zao zina saa.

"Mama, hii chungu si ni ndogo kuliko ya picha?"

"Picha ilikuwa karibu, wewe ulikuwa mbali."

"Sasa si unipunguzie kidogo? Nimekuja na mafuta ya pikipiki yangu."

"Cephas, mnada ulifungwa jana saa kumi. Leo ni siku ya kuchukua. Ugali nakupa bure, bei ya chungu ilikwisha kulala."

Cephas akacheka, akanawa mikono, akala sahani mbili. Alipomaliza, Benta alikishika chungu kwa mkono wa kushoto, akakigonga kwa kifundo cha kidole. Ngooo! Sauti ikatoka ndani ikazunguka mdomoni kama mtu anayeitika kutoka chumba cha nyuma.

"Umesikia? Chungu kizima kikiitwa huitika. Chenye ufa hukohoa. Usije ukanipigia simu kesho."

Kisha akatia kiganja kimoja cha wimbi ndani ya chungu, akamkabidhi.

"Ya nini tena?"

"Chungu hakitoki nyumbani kitupu. Kikitoka kitupu, kinakwenda na shibe ya huku, na huko kinafika na njaa. Mama yako hakukufundisha?"

Kwa anayekuja kuchukua, kiganja kimoja kilitosha, kwa kuwa alikwisha kula nyumbani kwa Benta. Lakini wa kutumiwa je? Huyo hakuketi, hakunawa, hakuonja kitu. Benta aliona aibu kumtumia kiganja kimoja mtu ambaye hakumpa hata maji. Kwa hiyo wa kutumiwa aliwajazia chungu nusu nzima, wimbi safi lililopepetwa, akashona mdomo kwa kitambaa. Ndivyo alivyowafanyia wa Ndhiwa na wa Isebania.

Sasa kile chungu cha kitendawili, dapi la maji lenye shingo nyembamba, kilikuwa kimenunuliwa na mwanamke wa Migori mjini. Ujumbe wake wa sauti ulikuwa mrefu, na nyuma yake mkasi ulisikika ukikata kitambaa.

"Mama Benta, habari ya huko? Mimi ni Nyakerario, nauza vitambaa hapa Migori karibu na daraja. Chungu ni cha mama mkwe wangu. Anasema maji ya friji yanamkata meno, na ya mtungi wa plastiki yanamkata hamu. Mimi siwezi kuja, duka sina wa kumwachia, kwa hivyo unitumie. Jumamosi usinitafute, niko kanisani. Na hicho kitendawili chako nilikijua kabla sijamaliza kusoma, ni chungu! Sasa na mimi nina changu. Kitendawili!"

Benta aliishika simu mbali na mdomo, kama anayeita mtu wa ng'ambo ya mto. "Tega!"

"Niliingia motoni nikiwa jiwe, nikatoka nikiwa pamba."

Benta akafikiri. Akajibu: chokaa.

"Karibu, lakini hiyo ukila utakufa. Yangu inaliwa. Nipe mji."

"Mji sikupi, mwanangu."

"Nipe hata Rongo, iko katikati yetu."

"Hata kijiwe cha Rongo sikupi. Ngoja."

Kwa Benta, kushindwa kitendawili na kumpa mtu mji ilikuwa sawa na kuuza shamba. Alikwenda nacho kichwani Alhamisi ile ile alasiri, huku dapi limefungwa ndani ya katoni mgongoni mwa pikipiki, mpaka ofisi ya mizigo hapo Rangwe. Juu ya katoni alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: CHOMBO CHA UDONGO, TARATIBU.

Karani wa mizigo aliitwa Wesley, kijana mpole mwenye miwani. Alishika katoni ainue juu ya mizani, akasita, akapanua miguu.

"Aii, Dani! Umetia mawe?"

"Wimbi. Chungu nusu."

Wesley akaiweka chini polepole, akaitazama.

"Na vile vingine viwili ulivyotuma, navyo vilikuwa na wimbi hivi?"

"Sasa ningetumaje?"

"Dani, nikwambie kitu, usikasirike. Kule nyuma kwenye gari hakuna anayesoma maandishi. Mikono ndiyo inayosoma. Mzigo ukiwa mzito, mikono inasema weka chini. Ukiwa mwepesi, mikono inasema weka juu. Hii yako itakwenda chini kabisa, juu yake magunia ya omena, juu yake cherehani ya mtu. Kalamu yako nyekundu nani ataiona huko?"

Benta alitoa simu, akatafuta ile picha ya Isebania. Mara zote alikuwa ameitazama harakaharaka, kama mtu anavyotazama jeraha la mtoto wake. Safari hii aliitazama taratibu. Wimbi lilikuwa limetapakaa kila mahali. Mdomo wa chungu ulikuwa mzima, shingo nzima. Kilichopasuka ni tumbo na kitako, na vigae vilikuwa vimesukumwa kwenda nje. Miaka arobaini anajua chungu kinavyopasuka. Kikigongwa kutoka nje, vigae huingia ndani. Hiki, kwa kila shimo na tuta la barabarani, wimbi lenyewe lilikuwa likikipiga ngumi tumboni.

"Yawa," alisema kwa sauti ndogo. "Nimewasema watu wa magari mwaka mzima. Kumbe mvunjaji ni mimi."

"Toa wimbi tu, nikuandikie risiti sasa hivi," Wesley akasema.

"Nitume chungu kitupu nyumbani kwa watu? Wewe mama yako angekubali?"

Wesley akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Mama yangu hata sufuria ya jirani hairudishi bila kitu."

"Basi."

"Basi," Wesley akakubali, na wote wawili wakaitazama ile katoni kama watu wanaomtazama mkwe aliyekataa kuketi.

Mwishowe Benta alilihamisha wimbi kwenye mfuko, akaliacha dapi juu ya rafu ya Wesley. "Kilale hapa. Kesho asubuhi nakuja na jibu, au nakuja kukichukua."

Akarudi kwa miguu apate kufikiri. Atie kiganja kimoja tu, kama cha Cephas? Hapana, huyo Nyakerario hajala kwake. Manyoya ya kuku? Mepesi, ndiyo, lakini hayaliwi. Makapi ya wimbi? Kumtumia mtu makapi ni kumtakia njaa njema. Majani? Yeye si mbuzi. Kila chakula alichokifikiria kilikuwa na uzito, maana chakula ni uzito, na ndiyo sababu tumbo likishiba hutulia. Na chini ya hayo yote kulikuwa na lile neno la Mourine, wa kuchukua tu. Akijua udongo wake hauendi tena mbali kuliko pikipiki ya Cephas, angeuchimba kwa ajili ya nani?

Kwenye lango la shule ya msingi watoto walikuwa wanatoka. Emmaculate, muuza bisi, alikuwa amesimama hapo na mfuko wake wa nailoni, mfuko mkubwa kama mto wa kitanda cha watu wawili, umejaa bisi mpaka juu. Alikuwa ameuning'iniza kwenye kidole kimoja. Kidole kimoja! Kwa mkono mwingine alikuwa anapokea sarafu.

Benta akasimama katikati ya njia mpaka pikipiki ikampigia honi.

"Jiwe," akasema. "Pamba!"

"Dani, unataka ya kumi au ya ishirini?" Emmaculate akamwuliza.

"Sitaki bisi, binti yangu. Nataka mahindi yake yenyewe, kabla hayajaingia motoni. Yale ya mawe."

Jioni ile, jua bado halijatua, Benta alibandika chungu kikavu jikoni, akamimina mahindi kidogokidogo. Hakutia mafuta, kwani mafuta huingia kwenye udongo na maji yakanuka mwaka mzima. Hakutia chumvi. Mfuniko ukaanza kurukaruka. Kila mbegu iliyopasuka ilimfanya atabasamu, kwa kuwa kila moja ilikuwa inamjibia Nyakerario. Alikaanga mpaka gunia dogo likajaa, akalinyanyua kwa vidole viwili, akacheka peke yake.

Ijumaa asubuhi alikuwa ofisini kabla Wesley hajafungua dirisha. Alikigonga chungu kwanza: ngooo. Akatandika karatasi safi ndani yake, akajaza bisi mpaka shingoni akishindilia kwa kiganja, akafunga mdomo kwa kitambaa na kamba ya katani. Akakizungushia majani makavu ya mgomba, akakitia kwenye katoni kubwa zaidi, na kila pembe iliyobaki wazi akaishindilia bisi zilizofungwa kwenye mifuko midogo. Akatikisa. Ndani hakuna kilichosogea. Wesley akainua, akaishusha, akainua tena.

"Chungu ni chungu, lakini hii mikono haitailaumu. Hii inakaa juu, Dani. Juu kabisa, pamoja na mikate."

Benta akachukua kalamu nyekundu. Safari hii hakuandika taratibu. Aliandika: JIBU LIKO NDANI.

Kisha akamtumia Nyakerario sauti: "Mwanangu, mzigo umeondoka, namba yake hiyo hapo, ukienda uende na kitambulisho. Kikifika usiniambie 'kizima' kwa mdomo. Kigonge kwa kifundo cha kidole, nikisikie mwenyewe."

Saa kumi na moja jioni ofisi ya Migori ikaandika kuwa mzigo umefika. Benta akangoja. Jua likatua. Simu ikanyamaza.

Jumamosi asubuhi ikanyamaza vilevile. Mchana Mourine akauliza, "Dani, mnunuzi amesema nini?"

"Hajasema."

"Sheria ni siku mbili tangu mzigo ufike. Kesho saa kumi na moja jioni akiwa hajathibitisha, mimi naandika kuwa mzigo una shida. Samahani, Dani yangu."

Benta akarudia ule ujumbe mrefu wa kwanza, wenye mkasi nyuma yake, na safari hii akausikia vizuri. Jumamosi usinitafute, niko kanisani. Msabato! Jua la Ijumaa likizama, Nyakerario alifunga duka na simu pamoja, na chungu kililala ofisini Migori, kizima au vigae, hakuna aliyejua. Hata mtoto angejua kwamba kilifaa kitumwe Jumatatu. Lakini furaha ya kupata jibu ilimwendesha Benta kama punda aliyeona maji.

Hakumkasirikia Nyakerario. Mtu hawezi kumkasirikia Mungu wa mwenzake. Alifagia uwanja. Alikwenda kwenye udongo uliokuwa chini ya gunia bichi, ule wa kuchimbwa mara ya pili, akafunua, akaubonyeza kwa kidole gumba. Ulikuwa tayari, laini kama shavu la mtoto mchanga, unaomba mikono. Akaufunika tena. Hakutaka kuanza chungu kisichojua kinakokwenda.

Jumapili alikwenda misa akiwa ameizima simu, akaimba sauti ya tatu kama kawaida, na alipofika kwenye "utuepushe na maovu" akaongeza kimya, na mashimo ya barabara pia. Nje ya kanisa akina mama walisimama kusalimiana. Yeye alijitenga kwenye ukuta, akaiwasha simu.

Ujumbe wa sauti, sekunde tisa.

Akaileta sikioni. Hakukuwa na neno. Kulikuwa na mtu anayevuta pumzi, mlango ukifungwa mahali, kuku mmoja. Kisha:

Ngooo.

Benta akafumba macho. Chungu kilikuwa kimeitika kutoka Migori, sauti ya tumboni kabisa, bila kikohozi. Akairudia. Akairudia tena. Mama mmoja wa kwaya akamwuliza kama kuna msiba, naye akatikisa kichwa, akamwekea simu sikioni naye asikie.

Ujumbe wa pili ulikuwa wa maneno, na Nyakerario alikuwa anacheka mpaka anakosa pumzi. "Mama Benta! Bisi! Nilifungua nikasema huyu mama amekataa kunipa mji, amenitumia mashahidi. Mama mkwe amekaa na karatasi mapajani, anatafuna kwa yale meno yanayokatwa na friji. Anauliza, tangu lini chungu kikaja na chakula chake? Nimemwambia kwa huyu mama ndivyo. Amesema basi huyo ni mtu wa nyumba. Na hata sisi kwetu chombo hakirudi kitupu. Katoni yako inakuja na gari la kesho. Na nimemwandikia msimamizi."

Kundini, Mourine alikuwa tayari ameandika: "Chungu cha Dani Benta kimefika Migori kizima. Kwa Dani: kuchukua na kutumiwa." Chini yake watu saba walikuwa wameuliza kama kuna kingine.

Jumatatu jioni Benta alisimama dirishani kwa Wesley. Alikuwa ameleta kila kitu isipokuwa kitambulisho.

"Na uliwaambia wengine waende nacho," Wesley akasema.

"Wengine siwajui sura. Mimi unanijua."

"Sheria, Dani. Hata mama yangu."

Ilibidi arudi nyumbani, aje tena. Wesley akaiburuta katoni kwa mikono miwili mpaka dirishani, akihema. Ndani zilikuwa njugu, zimejaa pomoni, na juu yake kipande cha kitambaa cha maua, kilichokatwa sawasawa kwa mkasi mkali.

"Hii," akasema Wesley, "ilisafiri chini."

"Njugu hazivunjiki," Benta akamjibu, akamchotea viganja viwili kwenye karatasi. Kisha akasaini pale palipoandikwa *Aliyechukua*, akamwita mtu wa pikipiki, akaenda nyumbani kuufunua udongo.